UCHAMBUZI: Goti bandia laweza kujizalishia umeme, lakini habari zake ni mali ya nani?

KWA zaidi ya miaka 50 sasa, goti bandia limekuwa kiungo bubu. Humbeba mwenyewe sokoni na shambani, kanisani na msikitini, kisha siku moja likaanza kulegea au kulika bila ya kumwambia mtu yeyote. Habari za kuharibika kwake humfikia daktari zikiwa zimechelewa, na mjumbe anayezileta ni maumivu.

Hali hiyo inaelekea kubadilika. Katika maabara za Marekani na Canada, wahandisi na madaktari wa mifupa wamekuwa wakitengeneza magoti yenye vihisi, yaani vidude vidogo vinavyopima mzigo unaoliangukia goti. La ajabu zaidi ni kwamba vihisi hivyo vinakusudiwa kupata umeme wake kutokana na hatua za mgonjwa mwenyewe, bila ya betri wala waya.

Hiyo ni habari njema kwa kila mzee anayeshuka kwenye matatu akiguna. Hata hivyo, ukilichunguza suala hili kwa makini, utabaini kwamba swali la umeme, ambalo limewakosesha wahandisi usingizi kwa miongo miwili, ndilo rahisi. Gumu ni lile la nani atakayesikiliza goti litakapoanza kusema, na kwa muda gani, na kwa manufaa ya nani.

Kiungo kisichosema

Goti la kuzaliwa nalo ni makutano ya fupa la paja, mfupa wa muundi na pia ya goti. Kati ya mifupa hiyo kuna gegedu laini linalozuia msuguano. Gegedu hilo likiisha kwa sababu ya uzee, uzito wa mwili, jeraha au ugonjwa wa baridi yabisi, mfupa husugua mfupa na mtu akashindwa hata kufika msalani bila ya mkongojo.

Tiba ya mwisho ni upasuaji. Daktari hukata tabaka jembamba la mifupa iliyoharibika, akalivisha fupa la paja kofia ya kobalti na kromu, akaweka sahani ya titani juu ya muundi, na katikati akatia kipande cha plastiki ngumu kinachochukua nafasi ya gegedu.

Wazo lenyewe si jipya. Themistocles Gluck alijaribu magoti ya pembe za ndovu mjini Berlin mwaka 1890. Lakini goti la kisasa lilizaliwa baadaye sana: Frank Gunston, daktari kutoka Canada, aliunda lake nchini Uingereza mnamo 1968, na kufikia 1974 John Insall na wenzake mjini New York walikuwa wamepata umbo ambalo ndilo mama wa mengi yanayotumika hadi leo.

Hatuna budi kukiri kwamba kifaa hiki ni miongoni mwa mafanikio makubwa ya tiba. Utafiti uliochapishwa katika jarida la The Lancet mwaka 2019, uliotumia kumbukumbu za Australia na Finland, ulionyesha kuwa takriban asilimia 82 ya magoti bandia kamili hudumu kwa miaka 25. Magari mangapi yanaweza kujivunia umri huo?

Lakini kudumu si sawa na kumridhisha mwenyewe. Tafiti zimerudia kuonyesha kwamba karibu mgonjwa mmoja kati ya watano huwa hajaridhika baada ya upasuaji. Wapo wanaolalamika kwamba goti linauma, limekaza au halina uthabiti. Mara nyingi picha ya eksirei haionyeshi kasoro yoyote, na mgonjwa akarudishwa nyumbani na dawa za kutuliza maumivu.

Kwa wale ambao magoti yao huharibika kweli, chanzo aghalabu ni kulegea kwa kifaa kutoka kwenye mfupa, maambukizi, kulika kwa plastiki, au mzigo kulemea upande mmoja kuliko mwingine. Upasuaji wa pili huwa mkubwa kuliko wa kwanza, kwani mfupa umekwisha kupungua. Usipoziba ufa utajenga ukuta. Tatizo ni kwamba ufa wa goti haumo machoni pa mtu.

Kile ambacho maabara iligundua

Juhudi za kulifanya goti liseme zilipata mwanya mnamo Februari 2004. Madaktari wa Scripps Clinic katika mji wa La Jolla, jimbo la California, walimwekea mgonjwa goti lenye vihisi vya kupima nguvu, lililoweza kutuma vipimo vyake nje ya mwili kwa mawimbi ya redio. Watafiti wa hospitali ya Charité mjini Berlin nao walifanya kazi kama hiyo, na wakaviweka vipimo vyao hadharani ili wataalamu wengine duniani wavitumie.

Matokeo yaliwaamsha wengi. Mwaka 2010 watafiti wa Berlin walichapisha vipimo vya wagonjwa watano. Walikuta kwamba mtu anapotembea mahali tambarare, goti hubeba takriban mara 2.6 ya uzito wa mwili wake. Anapopanda ngazi, hubeba mara 3.2. Anaposhuka, hubeba karibu mara 3.5.

Wahenga walisema mpanda ngazi hushuka. Hawakusema kwamba kwa goti kushuka ndiko kugumu zaidi. Mtu mwenye uzito wa kilo 80 anaposhuka ngazi, goti lake moja hupokea mzigo wa karibu kilo 277, ambao unapita magunia matatu ya mahindi ya kilo 90. Tena hupokea mzigo huo kila anapokanyaga kidato.

Ujuzi huu una faida kubwa kwa waundaji wa magoti na kwa wale wanaowafundisha wagonjwa kutembea upya. Lakini magoti hayo ya La Jolla na Berlin yalikuwa na kasoro moja. Hayakuwa na chanzo chake cha umeme. Ili yaseme, mgonjwa alilazimika kuvishwa mguuni mzingo wa nyaya ulioyapelekea nishati kupitia ngozi. Alipouvua na kwenda zake, goti lilinyamaza.

Kwa maneno mengine, goti lilisema mbele ya madaktari tu. Halikusema lilipokuwa likipanda mlima wa nyumbani kwake, wala usiku lilipoanza kufura. Na huko ndiko magoti yanakoharibikia.

Betri ndani ya mfupa

Mtu atauliza: kwa nini wasiweke betri na mambo yakaisha?

Wameweka. Agosti 2021, Mamlaka ya Chakula na Dawa ya Marekani, FDA, iliruhusu Persona IQ, goti lililoundwa na kampuni za Zimmer Biomet na Canary Medical. Oktoba mwaka huo, mgonjwa wa kwanza alilipokea katika Hospital for Special Surgery jijini New York. Ndani ya kijiti kinachoingia kwenye muundi kuna betri, redio ndogo na vihisi vya mwendo. Goti hilo huhesabu hatua, hupima kasi, urefu wa hatua na kiasi linavyojikunja, kisha habari hizo hupokelewa na kifaa kilicho nyumbani kwa mgonjwa na kupelekwa kwa daktari kupitia intaneti.

Hayo ni maendeleo ambayo hayafai kubezwa. Hata hivyo, kuna mambo mawili ambayo msomaji anapaswa kuyafahamu.

Kwanza, goti hilo hupima mwendo. Halipimi mzigo. Litasema kwamba mwenyewe alitembea hatua 4,000, lakini halitasema iwapo uzito wote uliangukia upande mmoja. Pili, FDA yenyewe ilitamka katika masharti ya idhini kwamba takwimu za goti hilo hazikusudiwi kuwa msingi wa maamuzi ya tiba, na kwamba haijathibitishwa kuwa zinamletea mgonjwa manufaa ya kiafya. Hiyo ni kauli nzito, na ni ya msimamizi wa sheria wala si ya mpinzani wa kibiashara.

Kuhusu betri yenyewe, historia ina funzo. Mnamo Oktoba 1958, mjini Stockholm, Arne Larsson alikuwa mtu wa kwanza kuwekewa ndani ya mwili kifaa cha kusawazisha mapigo ya moyo. Kifaa hicho kilifanya kazi kwa saa chache tu. Larsson aliishi hadi 2001, lakini kufikia wakati huo alikuwa amebadilishiwa vifaa zaidi ya 20.

Kifaa cha moyo hukaa chini ya ngozi ya kifua, na kukibadilisha ni upasuaji mdogo. Betri ya goti imezikwa ndani ya mfupa. Ikifa, hakuna daktari mwenye akili timamu atakayeupasua muundi wa mtu mzima kwa ajili ya kubadilisha betri. Kwa hivyo betri hukadiriwa kwa miaka, goti nalo likatarajiwa kudumu kwa miongo. Ni kana kwamba mlinzi ameajiriwa kulinda nyumba ikiwa mpya, kisha akaondoka paa linapoanza kuvuja.

Haba na haba

Hapo ndipo linapoingia wazo la kuvuna nishati. Mantiki yake si ngeni kwa yeyote aliyewahi kuendesha baiskeli usiku. Dainamo husugua gurudumu, miguu ikasukuma, taa ikawaka. Tofauti ni kwamba ndani ya goti hakuna gurudumu. Kuna mgandamizo tu, unaokuja na kuondoka kila mtu anapokanyaga.

Njia ya kwanza ya kuuvuna mgandamizo huo iligunduliwa mwaka 1880 na ndugu wawili Wafaransa, Jacques na Pierre Curie. Waligundua kwamba fuwele za aina fulani hutoa chaji ya umeme zinapobanwa. Wataalamu huuita umeme huo piezoelektriki. Kiwashio cha jiko la gesi kinachotoa cheche unapokibonyeza hutumia kanuni iyo hiyo.

Mnamo 2005, watafiti wa Chuo Kikuu cha Nebraska walichapisha matokeo ya goti la majaribio lililotiwa kauri tatu za aina hiyo. Lilipobanwa na mashine kwa mwendo unaoiga kutembea, lilitoa takriban maikrowati 4,800 za umeme ghafi. Maikrowati moja ni sehemu moja ya milioni ya wati. Sehemu kubwa ya umeme huo ilipotea uliposawazishwa ili ufae kutumika, lakini jambo la msingi lilikuwa limethibitika.

Mwaka 2018, watafiti wa Tennessee Technological University walieleza namna ya kuzika kauri hizo ndani ya plastiki ya katikati ya goti. Ubora wa njia hii ni kwamba kitu kimoja hufanya kazi mbili. Kauri inayotoa umeme hutoa mwingi ikibanwa sana na kidogo ikibanwa kidogo; kwa hivyo umeme wenyewe ni kipimo. Ukiweka kauri kadhaa mahali tofauti, utajua mzigo umeelemea upande gani. Hicho ndicho kipimo ambacho goti la betri la 2021 halina.

Njia ya pili hutumia msuguano. Anayevua sweta ya nailoni gizani husikia milio na pengine huona cheche. Chuo cha Georgia Tech, chini ya mwanasayansi Zhong Lin Wang, kilionyesha mwaka 2012 jinsi ya kuugeuza umeme huo, uitwao triboelektriki, kuwa chanzo cha nishati ya vifaa vidogo. Mnamo 2019, watafiti wa Binghamton University katika jimbo la New York, wakishirikiana na wenzao wa Stony Brook na wa Western University nchini Canada, waliupeleka ndani ya goti.

Takwimu zao zinafaa kutazamwa kwa utulivu. Walikadiria kwamba mitambo ya kusoma kihisi ingehitaji maikrowati 4.6. Majaribio ya awali yakaonyesha kwamba mwendo wa mtu wa kawaida ungetoa maikrowati 6. Yaani goti linajitosheleza, na akiba inabaki.

Kiasi hicho ni kidogo mno. Simu ya mkononi inapochajiwa kwa wati 5, hunyonya zaidi ya mara milioni moja ya kile kinachohitajiwa na kihisi hicho. Lakini haba na haba hujaza kibaba. Umeme wa kila hatua huwekwa akiba, na ukifika kiasi kinachotosha, goti husema neno lake moja na kunyamaza tena.

Vikwazo ambavyo havijavukwa

Hata hivyo, kati ya maabara na chumba cha upasuaji kuna safari ndefu. Magoti haya ya kuvuna nishati hujaribiwa kwa mashine na kwa kompyuta. Si bidhaa ambayo mgonjwa anaweza kuiagiza kesho.

Kikwazo cha kwanza ni sumu. Kauri inayotoa umeme vyema zaidi ina madini ya risasi, na hakuna anayetaka risasi ivujie kwenye damu yake. Sharti izibwe kabisa kwa miaka yote.

Cha pili ni uimara. Ukitoboa plastiki au titani ili upate nafasi ya vihisi, umeidhoofisha. Goti bandia hukadiriwa kubebeshwa mzigo takriban mara milioni moja kwa mwaka, na kipimo cha kimataifa cha ukaguzi wa kulika kwa magoti, ISO 14243, hutaka mizunguko milioni 5. Goti la kudumu kwa miaka 25 litakabiliwa na mizunguko milioni 25. Kauri huweza kupasuka. Nyuso zinazosuguana huchakaa. Lingekuwa jambo la kusikitisha iwapo kifaa kilichotiwa ili kulinda goti ndicho kitakacholiharibu.

Cha tatu ni chembamba zaidi, na kwa maoni ya mwandishi wa makala haya ndicho kizito kuliko vyote. Tofauti ya maikrowati 6 na 4.6 ni ndogo, na imejengwa juu ya mwendo wa mtu wa kawaida. Sasa mfikirie yule ambaye goti lake limeanza kulegea. Linamuuma. Kwa kuwa linamuuma, hatembei. Kwa kuwa hatembei, goti halipati umeme. Na kwa kuwa halina umeme, halisemi.

Mgonjwa anayehitaji zaidi kusikika ndiye ambaye goti lake litakuwa kimya. Mzima anayezunguka mtaa kila alfajiri atatuma habari tele ambazo hakuna anayezihitaji.

Kitendawili hiki kina jawabu, lakini jawabu lenyewe halimo ndani ya goti. Kimya nacho ni habari, mradi awepo mtu upande wa pili anayekitambua. Goti lililozoea kusema kila siku likinyamaza kwa wiki nzima, muuguzi apige simu aulize: mama, umeamkaje, mbona hutembei? Pasipo mtu huyo, kihisi bora kuliko vyote duniani ni kipande cha kauri tu. Hapa ndipo suala linapotoka kwa wahandisi na kuingia kwa watunga sera.

Anayesikiliza ni nani?

Kuondoa betri ni kuondoa utegemezi mmoja. Kumebaki mwingine. Habari zinazotoka gotini husomwa na programu ya kampuni, huwekwa katika kompyuta za kampuni, na hufasiriwa kwa siri za kampuni. Kampuni ikifungwa, goti litaendelea kuzalisha umeme na kuutumia kumwambia asiyekuwepo.

Haya si mambo ya kubuni. Kampuni ya Second Sight ya California iliunda kifaa kilichowawezesha vipofu kuona mwanga na maumbo, na watu zaidi ya 350 duniani waliwekewa kifaa hicho machoni. Kampuni iliacha kukitengeneza mwaka 2019, na Machi 2020 ikawaachisha kazi wengi wa wafanyakazi wake. Wagonjwa walibaki na mitambo ndani ya miili yao bila wa kuikarabati. Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Wanahisa waliondoka, waliolalia kitanda wakabaki.

Aidha, kiungo kinachozungumza chaweza kusikizwa na asiyealikwa. Agosti 2017, FDA ilitangaza kwamba takriban vifaa 465,000 vya moyo vya kampuni ya Abbott nchini Marekani vilihitaji programu mpya ili kuziba mianya ambayo wadukuzi wangeweza kuipitia. Mdukuzi wa goti hawezi kuua. Lakini anaweza kujua saa unazotoka nyumbani, saa unazorudi, na siku ambazo hukutoka kabisa.

Isitoshe, wapo watakaozitaka habari hizo kwa njia halali. Kampuni ya bima ingependa kujua iwapo mteja alifanya mazoezi aliyoagizwa kabla ya kumlipia upasuaji wa pili. Mwajiri angependa kujua iwapo mfanyakazi aliyeomba likizo ya ugonjwa kweli alilala. Goti lililowekwa ili kumtetea mgonjwa laweza kugeuzwa shahidi dhidi yake, tena shahidi asiyeweza kuachwa nyumbani.

Wakenya na mjadala huu

Huenda msomaji akasema kwamba haya ni masuala ya mataifa tajiri, na kwamba sisi tungali tunahangaika kupata goti la kawaida. Hoja hiyo ina uzito. Hakuna mwenye busara atakayependekeza kwamba hospitali ya kaunti inunue magoti yenye redio kabla ya kuwa na madaktari wa mifupa na dawa za kutosha.

Lakini tukumbuke namna vifaa vya tiba vinavyotufikia. Huagizwa kutoka ng'ambo, na masharti yake huja yamekwisha kuandikwa. Tukingoja vifike ndipo tuyasome, tutakuwa tunatia sahihi karatasi ambayo hatukuiandika.

Tena wanaoweza kunufaika zaidi na goti linalosema si wale wanaoishi karibu na hospitali kuu. Ni yule wa mbali, ambaye kuhudhuria kliniki ni nauli ya kwenda na kurudi, siku nzima ya kazi iliyopotea, na mwanawe wa kumsindikiza. Goti lingempunguzia safari zisizo na haja na kumhimiza afunge moja iliyo na haja.

Kisheria hatuanzi mikono mitupu. Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inazihesabu habari za afya kuwa data nyeti, na inampa mwananchi haki ya kuelezwa data yake inatumiwaje, kuiona, kuirekebisha na kuihamisha. Sheria ya Afya ya Kidijitali ilifuata mwaka 2023. Mnamo Desemba 2025, Mahakama Kuu ilisimamisha kwa muda utekelezaji wa mapatano ya afya kati ya Kenya na Marekani kwa kadiri yalivyohusu kupeana data za wagonjwa. Kesi hiyo haikuhusu magoti, lakini ilionyesha kwamba swali la nani anayemiliki habari za mwili wa Mkenya si la vitabuni tu.

Je, yafaa tudai nini?

Mosi, mgonjwa apate habari za goti lake kwa namna anayoweza kuisoma na kumpelekea daktari yeyote amtakaye, hata wa hospitali nyingine. Pili, lugha ambayo goti husemea iwe wazi, ili kampuni moja ikifungwa nyingine iweze kusikiliza. Tatu, muuzaji aeleze kwa maandishi atatoa huduma kwa miaka mingapi, na miaka hiyo isipungue umri wa goti lenyewe. Nne, bima na waajiri wazuiwe kisheria kutumia habari hizo dhidi ya mwenye goti.

Tano, na hili halihitaji kihisi chochote, pawe na daftari la kitaifa linaloandika kila goti linalowekwa, nani aliyeliunda na lilidumu muda gani. Uswidi ilianzisha lake mwaka 1975. Malawi, ambayo si tajiri kutushinda, ilianzisha daftari lake la viungo bandia mwaka 2005. Vitabu kama hivyo ndivyo vilivyouwezesha ulimwengu kujua kwamba asilimia 82 ya magoti hufikisha miaka 25. Yalikuwa magoti bubu, lakini kulikuwa na watu waliojali kuyaandika.

Hilo ndilo funzo kuu la sayansi hii mpya. Hatua za binadamu zina nguvu ya kutosha kuwasha kihisi, na pengine katika miaka michache ijayo wahandisi wataishinda sumu, uchakavu na uhaba wa maikrowati. Lakini hakuna hatua za mgonjwa, ziwe nyingi kiasi gani, zitakazozalisha daktari wa kusikiliza au sheria ya kumlinda. Hayo hayavunwi gotini. Yanatungwa bungeni, yanatengewa fedha katika bajeti, na yanadaiwa na wananchi wangali na miguu ya kusimamia.